Bando Dogo, Kompyuta Nzima: Kutunza Programu za Ubuntu Ukiwa Usevya

Tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft ilimaliza muda wa kawaida wa kuihudumia Windows 10. Kompyuta nyingi zilizomo kwenye shule, ofisi za kata na steshenari zetu ni za mtumba, na hazina sifa zinazodaiwa na Windows 11. Nyingi bado ni nzima kabisa. Ukiziwekea Ubuntu zitakutumikia miaka mingine kadhaa, bila leseni ya kununua na bila programu za wizi zinazoingiza virusi.

Ugumu huanza baada ya kuiweka. Miongozo mingi ya Ubuntu imeandikwa na watu wenye intaneti isiyopimwa na umeme usiokatika. Wanakuambia andika amri hii, bonyeza Enter, subiri. Nawe uko Usevya, Kibaoni au Majimoto, intaneti yako inatoka kwenye simu, na kabla kazi haijafika nusu bando la wiki limekwisha. Au umeme umekatika programu zikiwa zinasakinishwa, na kesho yake mashine inakataa kupokea chochote.

Kuna dawa, na inaanzia kwenye jambo moja: kupakua na kusakinisha ni kazi mbili tofauti. Kupakua kunahitaji bando. Kusakinisha kunahitaji umeme wa uhakika. Ukizitenganisha, utapakua palipo na mtandao mzuri, utasakinisha umeme ukiwa umetulia, na kilichopakuliwa mara moja kitatosha kompyuta zako zote.

## Programu zinatoka wapi

Kwenye Ubuntu hatuzunguki tovuti hii na ile kutafuta programu za kubofya. Programu zimo kwenye ghala: seva zenye maelfu ya pakeji zinazolindwa kwa sahihi ya kidijitali, ili mashine yako itambue kama kitu kimechezewa njiani. Kila pakeji hubeba orodha ya pakeji nyingine inazozihitaji ili ifanye kazi. Tuziite tegemezi.

Amri ya `dpkg` hufungua pakeji na kuweka mafaili mahali pake, lakini haijui kutafuta tegemezi. Amri za `apt` na `apt-get` huwasiliana na ghala, hupiga hesabu ya tegemezi, hupakua zote, kisha huikabidhi `dpkg` kazi. Ubuntu imerithi mpango huu kutoka Debian, iliyoanzishwa na Ian Murdock mwaka 1993, kwa hiyo karibu yote yaliyomo humu yanafaa pia kwa Debian yenyewe na kwa Linux Mint.

Kati ya `apt` na `apt-get` kuna tofauti moja inayotuhusu sana sisi wa bando. `apt` ikimaliza kusakinisha hufuta pakeji ilizopakua. `apt-get` huziacha kwenye folda ya `/var/cache/apt/archives`, nawe unaweza kuzinakili kwenye flashi. Mwongozo huu unatumia `apt-get` kwa sababu hiyo.

## Kwanza, ijue mashine yako

Fungua dirisha la amri kwa kubonyeza Ctrl, Alt na T kwa pamoja. Hatua hizi hazitumii bando hata kidogo.

1. Jua toleo:

   `lsb_release -d`

   Ubuntu 22.04 inahudumiwa kwa kawaida hadi 2027, na 24.04 hadi 2029. Toleo la 20.04 lilimaliza muda wake wa kawaida mwaka 2025. Kama ndilo ulilonalo, panga kuhama.

2. Jua aina ya mashine:

   `dpkg --print-architecture`

   Karibu kila mara jibu litakuwa `amd64`. Liandike. Pakeji za aina nyingine hazitaingia.

3. Jua nafasi iliyobaki kwenye diski:

   `df -h /`

   Ikiwa chini ya gigabaiti tano, safisha kwanza.

4. Tazama yaliyomo:

   `dpkg -l | less`

   Soma herufi mbili za mwanzo wa kila mstari. `ii` maana yake pakeji imekaa sawasawa. `rc` maana yake iliondolewa lakini mipangilio yake imebaki. `iU` au `iF` ni kazi iliyoishia njiani, mara nyingi kwa sababu ya umeme. Bonyeza q kutoka.

5. Hifadhi orodha ya pakeji zilizowekwa kwa makusudi, tofauti na tegemezi zilizofuata nyuma yake:

   `apt-mark showmanual > ~/pakeji-zangu.txt`

Faili hilo ni dogo, lakini nalithamini kuliko mafaili mengi makubwa. Diski ikifa, au shule ikipata kompyuta nyingine, unasakinisha Ubuntu ya toleo lilelile kisha unaandika:

`sudo xargs -a ~/pakeji-zangu.txt apt-get install`

Programu zote zilizotoka ghalani zinarudi. Weka nakala kwenye flashi na nyingine kwenye simu.

## Soma hesabu kabla ya kukubali

Tufanye zoezi na pakeji ndogo yenye faida. Mwaka 2004 mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi iliyozungumza na mtumiaji kwa Kiswahili. Leo ghala la Ubuntu lina kamusi ya tahajia ya Kiswahili iitwayo `hunspell-sw`, inayofanya kazi ndani ya LibreOffice. Inamfaa yeyote anayechapa mihtasari ya vikao, barua za serikali ya kijiji au mitihani.

1. Sasisha orodha ya ghala:

   `sudo apt-get update`

   Amri hii haisakinishi kitu. Inaleta tu orodha mpya ya yaliyomo ghalani. Ila si ya bure: mara ya kwanza inaweza kula makumi ya megabaiti, kwa hiyo usiirudierudie kila saa.

2. Uliza ukubwa:

   `apt show hunspell-sw`

   Tafuta mstari wa `Download-Size` (kitakachotoka kwenye bando) na wa `Installed-Size` (kitakachokaa kwenye diski).

3. Jaribu bila kufanya:

   `apt-get -s install hunspell-sw`

   Alama ya `-s` huonyesha kitakachotokea bila kugusa chochote. Mistari inayoanza na `Inst` ni pakeji zitakazoingia. Ukiona `Remv`, simama usome: kuna kitu kitaondolewa.

4. Ukiridhika:

   `sudo apt-get install hunspell-sw`

Programu kubwa kama GIMP itakuja na tegemezi nyingi, na hapo `apt-get` itasimama kukuuliza. Tafuta maneno `Need to get`. Tarakimu inayofuata ndiyo itakayotoka kwenye bando lako. Ikizidi uwezo, jibu n, kisha jaribu kuacha pakeji za nyongeza zinazopendekezwa tu:

`sudo apt-get install --no-install-recommends gimp`

Upungufu wake ni kwamba baadhi ya vipengele vinaweza kukosekana. Kwa kompyuta ya kuchapa na kuhariri picha za pasipoti, mara nyingi hutauona.

> ANGALIZO
>
> Pakeji ikiwa moja tu, isiyoleta nyingine, `apt-get` haiulizi. Inaanza papo hapo. Ndiyo maana hatua ya 2 haifai kurukwa.
>
> Ukinakili amri mahali na ina `-y` ndani yake, futa hiyo `-y`. Inajibu ndiyo kwa niaba yako kabla hujaona hesabu.

## Pakua leo, sakinisha kesho

Hii ndiyo tabia itakayokuokolea fedha na mashine. Unapokuwa na mtandao:

1. `sudo apt-get update`
2. `sudo apt-get -d upgrade`

Alama ya `-d` inasema pakua tu. Soma `Need to get`, kubali, subiri. Mtandao ukikatika, rudia amri ya pili. Kilichokwisha kuingia hakipakuliwi upya, na faili lililokatikia katikati huendelezwa.

3. Zima data.
4. Subiri wakati ambao umeme una uhakika. Kwa kompyuta ndogo ya mkononi, betri iwe imejaa na waya umechomekwa. Kwa kompyuta ya mezani tumia UPS au umeme wa sola wenye betri. Usianze wingu likiwa limeshafunga na radi zinasikika.
5. `sudo apt-get upgrade`

Sasa utaona `Need to get 0 B`. Kazi yote inafanyika ndani ya mashine. Hapa ndipo umeme ukikatika panaumia, kwa sababu mafaili ya mfumo yanabadilishwa moja baada ya jingine.

Ukiona baadhi ya pakeji zimeandikwa `kept back`, usiogope. Nyingine husubiri zamu, kwa sababu Ubuntu hugawa masasisho kwa awamu. Nyingine, hasa kiini kipya cha mfumo, huhitaji pakeji ya ziada ambayo `upgrade` ya kawaida haiongezi. Kwa hizo, mara moja kwa mwezi, tumia `sudo apt-get --with-new-pkgs upgrade`, nayo ukiitanguliza na `-d` kama hapo juu.

## Safari ya flashi

Kuna mashine ambayo haiguswi na intaneti kabisa, labda ya maabara ya shule au ya mtunza stoo. Na kuna mtu anayekwenda Mpanda mara kwa mara kwa barabara ya Kibaoni na Sitalike, ambaye akifika mjini anapata mtandao wa ofisi. Mtu huyo ndiye atakayekuletea pakeji. Chombo ni `apt-offline`, pakeji ndogo. Iweke kwenye kompyuta zote mbili.

Kwenye mashine ya Usevya, andika unachokitaka. Kwa masasisho:

`sudo apt-offline set usevya.sig --upgrade`

Au kwa programu mpya:

`sudo apt-offline set usevya.sig --install-packages gimp`

Faili la `usevya.sig` ni dogo sana. Linataja pakeji zinazohitajika na mahali pa kuzipata. Liweke kwenye flashi.

Kwenye mashine ya Mpanda:

`apt-offline get usevya.sig --bundle usevya.zip`

Flashi ikirudi Usevya:

`sudo apt-offline install usevya.zip`

kisha

`sudo apt-get upgrade` au `sudo apt-get install gimp`, kulingana na ulichoagiza.

Wengi hukwama hapa: mashine inapotaja pakeji inazohitaji, inatumia orodha ya ghala iliyonayo yenyewe. Kama orodha hiyo ni ya mwaka jana, itaagiza matoleo ambayo ghalani hayapo tena, na flashi itarudi na nusu ya mzigo. Kwa hiyo safari ya kwanza iwe ya orodha tu, kwa `--update` badala ya `--upgrade`. Safari ya pili iwe ya pakeji. Mimi naona ni nafuu zaidi kuchomeka simu siku moja, kufanya `sudo apt-get update` kwa bando dogo, na kuagiza pakeji nzito kwa flashi. Nauli ya kwenda Mpanda mara mbili haifanani na megabaiti chache.

## Chumba chenye kompyuta kumi

Mwalimu wa TEHAMA, sehemu hii ni yako. Kompyuta kumi zenye toleo moja la Ubuntu zinahitaji pakeji zilezile. Zikipakua kila moja peke yake, shule inalipia kitu kimoja mara kumi. Ziache zipitie kwa kompyuta yako.

1. Kwenye kompyuta yako: `sudo apt-get install apt-cacher-ng`
2. Jua anwani yake kwenye mtandao wa ndani: `hostname -I`. Tuseme ni 192.168.1.10. Kwenye ruta, ipangie anwani hiyo isibadilike.
3. Kwenye kila kompyuta ya mwanafunzi:

   `echo 'Acquire::http::Proxy "http://192.168.1.10:3142";' | sudo tee /etc/apt/apt.conf.d/00proksi`

4. Fanya `sudo apt-get update` na `sudo apt-get -d upgrade` kwenye kompyuta moja, ukiwa na bando.
5. Zilizobaki zifuate. Pakeji zilizopita kwa ya kwanza sasa zinatoka kwenye diski yako.

Kompyuta ikitoka chumbani, kwa mfano mwalimu akienda nayo nyumbani, `apt-get` itagoma kwa sababu haiioni 192.168.1.10. Haijaharibika. Futa faili la `00proksi` na itarudi kwenye njia ya kawaida.

Kama huna hata ruta, nakili mafaili yote ya `.deb` kutoka `/var/cache/apt/archives` ya mashine ya kwanza, uyaweke kwenye folda hiyohiyo ya mashine ya pili, kisha fanya `upgrade` kama kawaida. Orodha za ghala za mashine hizo mbili zikiwa za siku moja, `apt-get` itayakagua mafaili na kuyatumia bila kupakua.

> KASHA: WANAOKULA BANDO KIMYAKIMYA
>
> Snap. Ubuntu ina mfumo wa pili wa programu, na Firefox imo humo kwenye matoleo ya 22.04 na 24.04. Huo hutafuta masasisho wenyewe mara nne kwa siku. Yaliyomo yatazame kwa `snap list`. Kuyazuia yasijishushe yenyewe:
> `sudo snap refresh --hold`
> Siku yenye mtandao mzuri, sasisha mwenyewe kwa `sudo snap refresh`.
>
> Masasisho ya kila siku ya apt. Simamisha vipima saa vyake:
> `sudo systemctl disable --now apt-daily.timer apt-daily-upgrade.timer`
>
> Ukifanya hivi, jukumu la usalama limehamia kwako. Chagua siku maalumu, walau mara mbili kwa mwezi, na usiiruke. Kivinjari kisichosasishwa ni hatari kwa yeyote anayetumia mashine hiyo kufungua barua pepe au akaunti ya benki.

## Kuondoa bila kubomoa

Nafasi ikipungua, anza na usafi usio na madhara:

- `sudo apt-get clean` hufuta pakeji zilizopakuliwa. Nakili kwanza unazotaka kushirikisha wengine.
- `sudo apt-get autoremove` huondoa tegemezi zisizohitajiwa tena na viini vya zamani vya mfumo. Soma orodha kabla ya kukubali.

Kuondoa programu yenyewe: `sudo apt-get remove gimp` huacha mipangilio yake ya mfumo, `sudo apt-get purge gimp` huifuta pia. Nyaraka na picha zako ndani ya folda ya nyumbani hazifutwi na amri zote mbili.

Kosa ambalo limeziua mashine nyingi ni kuondoa `python3` kwa kudhani ni programu ya wanafunzi wa kompyuta tu. Sehemu kubwa ya Ubuntu imejengwa juu yake, na ikiondoka inabeba mfumo wa madirisha, mipangilio na hata vifaa vya mtandao. Fanya jaribio la `-s` kabla ya kila uondoaji. Ukiona mistari ya `Remv` ni mingi kuliko ulivyotarajia, au ina jina `ubuntu-desktop`, acha.

Kama kuna programu ambayo toleo lake la sasa ndilo linalokufaa, mfano ile inayoelewana na printa ya steshenari, izuie isibadilike: `sudo apt-mark hold jina-la-pakeji`. Kuifungulia ni `unhold`. Andika kwenye daftari kwamba umeizuia, maana baada ya miezi sita hutakumbuka.

## Mambo yakiharibika

Umeme ulikatika, sasa inasema dpkg ilikatizwa. Usisakinishe Ubuntu upya. Andika hizi kwa mfuatano huu:

1. `sudo dpkg --configure -a`
2. `sudo apt-get --fix-broken install`
3. `dpkg -l | grep -v ^ii`

Ya kwanza humalizia kazi zilizoachwa njiani. Ya pili hupatanisha tegemezi, na inaweza kuhitaji bando kidogo. Ya tatu hukuonyesha kama kuna mstari wa `iU` au `iF` uliobaki.

Could not get lock. Kuna programu nyingine inayosakinisha kitu wakati huohuo, mara nyingi ni masasisho ya nyuma ya pazia. Subiri dakika chache. Usifute faili la kufuli kama baadhi ya watu wanavyoshauri. Ukilifuta wakati kazi inaendelea, programu mbili zitaandika kwenye kumbukumbu moja na kuivuruga.

Hash Sum mismatch. Orodha iliyopakuliwa imeharibikia njiani, jambo la kawaida kwa mtandao dhaifu. Futa orodha kwa `sudo rm -rf /var/lib/apt/lists/*` kisha `update` upya. Fanya hivyo ukiwa na bando la kutosha, kwa sababu orodha nzima itashuka tena.

Hujui nani aliweka nini. Kwenye kompyuta inayotumiwa na watu wengi, soma `/var/log/apt/history.log`. Usakinishaji na uondoaji wa karibuni wa `apt` umeandikwa humo, pamoja na tarehe na saa yake.

Release file is not valid yet. Hii huwapata sana wenye kompyuta za mezani za zamani. Ghala limetiwa sahihi yenye tarehe, na mashine yako inaamini kwamba tarehe hiyo haijafika. Tazama saa iliyo juu ya skrini: huenda imerudi nyuma miaka mingi kila mashine inapozimwa. Kwa leo, irekebishe kwenye mipangilio ya tarehe na saa, kisha rudia `update`. Dawa ya kudumu ni betri ndogo ya duara iliyo kwenye ubao mama, kwa kawaida aina ya CR2032, inayopatikana pia kwa mafundi wa saa. Zima kompyuta, chomoa waya wa umeme, fungua boksi, toa betri kwa ukucha bila kutumia bisibisi ya chuma, weka mpya upande wa alama ya jumlisha ukitazama juu. Ukiwasha, weka saa sawa kabla ya kufanya jambo jingine, kisha endelea na `sudo apt-get update`.